Githeri ya Stima Nayo ni Githeri
(Maoni ya mwanachama wa Kidato cha Tatu)

Wahenga walituachia methali kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi naona methali hiyo huishia mlangoni mwa jikoni. Simu mpya tunaipokea kwa vigelegele, viatu vipya tunavivaa hata vikitubana, lakini chungu kipya kikiingia jikoni, watu hukizunguka kama nyoka aliyejikunja kwenye kuni.

Chombo ninachokitetea leo ni presha kuka ya stima. Najua wengine wataguna, "Huyu naye ameanza mambo ya mabwanyenye!" Subirini kwanza. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Nimeingia nyumba kadhaa mtaani kwetu ambazo zina chombo hiki. Katika nyingi kimewekwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kinangoja wageni. Wageni wakija, wanapikiwa pilau ndani yake, kisha kinaoshwa na kurudishwa pale juu. Jumatatu maharagwe yanarudi kwa makaa. Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wetu. Wali huiva upesi hata kwa sufuria ya kawaida. Kinachotuumiza ni vile vyakula vyetu vigumu vya kila siku: githeri, maharagwe, njahi, muthokoi, mbaazi, matumbo na miguu ya ng'ombe. Hivyo ndivyo vinavyomaliza makaa na kumaliza watu. Kwa hivyo hoja yangu ni moja: presha kuka ishushwe kabatini, ipikiwe githeri.

Kwanza, tuelewe kinachofanyika ndani yake. Katika somo la Fizikia tulifundishwa kwamba maji hayachemki kwa joto lile lile kila mahali. Mombasa, penye usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Ukipanda Limuru, penye zaidi ya mita 2,000, joto hilo linapungua tena. Na yakishachemka, hata ukimwaga debe zima la makaa, maji hayo hayapandi joto. Yanageuka mvuke na kwenda zake. Ndiyo sababu shangazi wa Mombasa akija bara hushangaa kwa nini maharagwe yanakataa kuiva. Maharagwe hayana kiburi. Ni maji yaliyopungukiwa na joto.

Presha kuka hufunga kifuniko kwa mpira, mvuke ukakosa pa kutokea, presha ikapanda, na maji yakafika nyuzi 110 au zaidi kidogo hata huku kwetu milimani. Nafaka iliyokuwa ikibembelezwa sasa inashurutishwa. Isitoshe, jambo hili si la juzi. Mfaransa Denis Papin alionyesha chungu cha aina hii mjini London mwaka wa 1679, na mwaka wa 1682 wasomi wa huko waliandaliwa chakula ambacho mifupa migumu ya ng'ombe ilikuwa imelainika kama jibini. Kilichoongezwa baadaye ni stima, saa, na vifaa vya kupima joto na presha, ili mpishi asisimame hapo akikilinda.

Pili, tuzungumzie gharama, maana hapa ndipo watu wengi hutishwa bure. Mama yangu huuza maharagwe na githeri ya kuchemsha, ile ambayo watu hununua jioni kwa kikombe wakaikaange nyumbani. Hapo awali aliamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko. Sufuria moja ya maharagwe ilimchukua saa mbili na nusu au tatu, na makaa mikebe miwili. Mwaka jana chama chao cha akina mama kiliamua kununuliana presha kuka kwa zamu, na mama akapata yake. Likizo ya Agosti nilichukua daftari, nikasoma mita ya tokeni kabla na baada ya kupika nusu kilo ya maharagwe yaliyolowekwa usiku. Ilipungua kwa chini ya nusu yuniti. Mkebe mmoja wa makaa mtaani kwetu unauzwa zaidi ya bei ya yuniti mbili. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea ataifanya.

Siri yake ni nini? Chombo cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima bila kuzima hula yuniti moja. Lakini presha kuka ikishajaa presha, hujizima, kisha huwaka kidogo kidogo tu kulinda joto. Mwili wake umefunikwa vizuri, joto halipotei ovyo kama kwenye jiko linalopigwa na upepo. Kwa hivyo yule anayesema ati stima ni ghali kupikia, namwomba atofautishe. Koili ya stima inayowaka saa tatu chini ya sufuria wazi ni ghali kweli. Presha kuka ni mambo mengine.

Na wateja wa mama je? Hawajapungua, kwa maana wengi hawana subira ya kuloweka. Yeye sasa hupika mizunguko mitatu, na analala mpaka saa kumi na moja na nusu. Nyinyi mnaolala bwenini mkaamshwa na kengele, mwajua saa moja na nusu ya usingizi ina thamani gani.

Tatu, kuna afya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu itokanayo na moto wa majumbani ilihusika katika vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Hao ni watu waliovuta moshi wa majumbani, kama ule wa kuni, makaa na mafuta ya taa. Fauka ya hayo, kila gunia la makaa ni mti uliokatwa mahali fulani. Stima yetu ya Kenya sehemu yake kubwa hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji ya mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Marsabit. Yaani mvuke wa Naivasha unaivisha githeri ya Kayole bila kumtoa mtu machozi.

Lakini sababu iliyonifanya nishike kalamu ni ya nne, nayo ni saa. Tuulizane ukweli: zile saa tatu za kuchochea jiko, kuongeza maji na kuonja punje kama imelainika, huwa ni za nani? Si za baba. Wala si za kaka anayetazama mpira. Ni za mama, na mama akiwa kazini, ni za dada. Wasichana wa shule za kutwa wanalijua hili. Kijana akifika nyumbani hufungua kitabu. Msichana hufungua gunia la makaa. Kisha matokeo ya mtihani yakitoka tunaambiwa fulani hakutia bidii. Bidii aliitia, lakini aliitia kwenye jiko. Chombo kinachojizima chenyewe humwezesha kuweka githeri, akaosha mikono, akafanya hesabu zake zote kabla ya kurudi kukaanga.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani, kwa maana mgala muue na haki yake mpe.

Kuna wanaosema chakula cha presha kuka hakina ladha. Nyanya yangu ni mmoja wao. Tulipompelekea githeri hiyo, alitafuna polepole, akasema, "Imeiva, lakini haina moshi."

Nikamjibu kwa heshima, "Shosho, moshi wote uko machoni pako tangu miaka hiyo."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, kisha akaomba aongezwe. Nakubali kwamba harufu ya moshi haipo. Ila ladha ya githeri haitoki kwenye kuchemsha peke yake. Hutoka kwenye kukaanga: kitunguu kilichogeuka rangi, nyanya zilizoiva, viazi, dania na chumvi. Hayo yote unaweza kuyafanya ndani ya chombo hicho hicho, kifuniko kikiwa wazi. Aidha, wengi wetu tumezoea kutia magadi ili maharagwe yalainike upesi. Magadi huharibu vitamini B1 iliyomo. Ukiwa na presha, magadi ya nini tena?

Wengine huogopa kwamba kitalipuka. Woga huo una maana, kwa sababu mvuke si mchezo. Lakini presha kuka za siku hizi zina vali ya kupunguza mvuke na kidude kinachozuia kifuniko kufunguka presha ikiwa bado ndani. Anayefuata masharti hana la kuogopa. Masharti yenyewe ni haya: usijaze nafaka na maji kupita nusu ya chombo, kwa kuwa hufura na kutoa povu linaloweza kuziba vali, usiwashe bila maji, usilazimishe kifuniko, osha vali na mpira kila mara, usiweke mkono wala uso juu ya vali mvuke unapotoka, na usiunganishe kwenye ekstensheni dhaifu yenye pasi na birika. Haya si magumu kuliko masharti ya maabara yetu ya Kemia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami siidharau. Bei ya chombo hiki ni maelfu ya shilingi yanayotolewa kwa mkupuo, ilhali makaa hununuliwa kwa mkebe. Maskini hulipa zaidi kwa sababu hulipa kidogo kidogo. Isitoshe, kuna nyumba ambazo hazina stima, na hata zenye stima huipoteza wakati wowote. Familia ya watu kumi nayo itaona chombo cha lita sita ni kidogo. Kwa hivyo simwambii mtu atupe jiko lake. Ugali utabaki na sufuria na mwiko, chapati zitabaki na kikaango. Ninachosema ni kwamba aliye na stima asiache hoja ya bei imfunge mikono kabla ya kujaribu njia ya chama. Haba na haba hujaza kibaba, na kina mama wa mtaani kwetu wameonyesha hivyo bila kungoja mfadhili.

Mwaka wa 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kupikia kwa umeme. Kampuni ya Kenya Power nayo imekuwa na kampeni yake iitwayo Pika na Power. Hayo ni mema, lakini mkakati hauloweki maharagwe. Atakayeyaloweka ni mimi na wewe. Basi nieleze jinsi tunavyopika nyumbani, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Chukua vikombe viwili vya mahindi makavu na kikombe kimoja cha maharagwe. Chagua mawe, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, tia nafaka kwenye chombo na maji mapya yanayoifunika kwa kimo cha vidole viwili, bila kupita nusu. Funga, geuza vali, weka dakika 45. Muda huo huanza kuhesabiwa presha ikishajaa, kwa hivyo jumla itakaribia saa moja. Kikizima, usiwe na pupa; acha presha ishuke yenyewe kwa dakika 15. Fungua, onja. Ikiwa punje bado ngumu, kwa sababu mahindi ni ya msimu wa zamani, ongeza dakika 10. Kisha kaanga upendavyo. Ukitumia maharagwe mekundu, kumbuka kwamba mabichi yana sumu inayohitaji mchemko mkali kuiondoa, kwa hivyo usiyaache yaive kwa kile kitufe cha moto mdogo tu.

Umeona mahali popote palipoandikwa kwamba mpishi awe msichana? Mimi sikupaona. Hapa naomba kusema na wavulana wenzangu. Visingizio vyetu vya zamani vilikuwa kwamba moto hatuujui na moshi unatuumiza. Sasa moto hakuna wala moshi. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe, kazi ambayo kwenye simu tunaifanya usiku na mchana. Ikiwa presha kuka itaingia nyumbani, lakini anayeloweka, anayekaanga na anayeosha akabaki dada yule yule, tutakuwa tumeokoa makaa bila kumwokoa binadamu.

Nawaomba walimu wetu wa Sayansi Kimu waifikirie presha kuka moja kwa chumba chao cha mapishi, na zamu ya kuitumia isibague. Najua haiwezi kulisha shule nzima. Sufuria ya githeri yetu ya Jumatatu mtu anaweza kuogelea ndani. Lakini mwanafunzi mmoja akijifunza, atakwenda kufundisha nyumba nzima.

Kwa hayo machache nasema: tuutoe ule mchoro wa githeri na mafiga matatu uliochorwa vichwani mwetu. Githeri ni mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri, yakaliwa na watu wanaopendana. Kilichoivisha si hoja. Aliyechoka kwa kuiivisha, huyo ndiye hoja.