Mahali pa Maelekezo katika Nota za Kompyuta

Kuna rai isemayo kwamba maelekezo ya uimbaji yaachwe katika Kiitaliano, kwa kuwa maneno ya Kiswahili ni marefu mno kuenea juu ya mistari ya nota. Rai hiyo haina mashiko. Neno rallentando lina herufi 11. Polepole lina 8. Kinachofupisha Kiitaliano ni mazoea ya kukata maneno, na mazoea hayo Kiswahili chaweza kuyapata. Tatizo halisi ni la mahali, nalo ni la kiisimu kabla ya kuwa la kompyuta.

Chukuliwe Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, katika eneo la Kimtang'ata, lahaja ambayo W. H. Whiteley aliichapishia uchambuzi mwaka 1956. Wimbo wa huko ukiandikwa kwa nota, maneno yake hukaa chini ya mistari mitano, kila silabi chini ya nota yake. Neno rudia likiwekwa huko chini, sambamba na maneno hayo, hakuna kitakachomzuia mwimbaji kuliimba. Lingekuwa la Kiitaliano, ugeni wake ungemwonya. Kwa hiyo ile kanuni ya wachapaji wa muziki wa sauti, ya kupandisha maelekezo juu ya mistari, kwa Kiswahili ndiyo mpaka wa pekee baina ya wimbo na agizo. Na pale wimbo unapokuwa wa lahaja na agizo la Kiswahili sanifu, asiyeijua lahaja ndiye atakayepotea zaidi.

Polepole lenyewe ni gumu kuliko rudia. Lina maana ya mwendo usio wa haraka, na pia ya sauti ya chini: anayeambiwa azungumze polepole huenda anaombwa tu asisikike chumba cha pili. Kwenye ukurasa, maana huamuliwa na mahali pamoja na umbo. Likikaa juu ya sauti zote, kwa herufi nzito, linahusu mwendo wa kwaya nzima. Likikaa juu ya mistari ya sauti ya pili peke yake, kwa herufi za mlazo, linahusu sauti hiyo ishuke. Mwanaisimu atatambua hapa suala la upeo wa kielezi.

Programu kama MuseScore na LilyPond huweza kufunga agizo kwenye nota maalumu, hata mistari ikipangwa upya vikahama pamoja. Mchapaji mwenye haraka hulibandika agizo ukurasani kama maandishi huru. Nota zikisogea, lenyewe husalia. Nguzo za makaburi ya Tongoni zina vishubaka vilivyopachikwa bakuli za kaure zamani. Bakuli zimeondolewa, vishubaka vingali vinaonyesha zilipokaa. Agizo lililohama haliachi kishubaka. Jambo hili si dogo tangu uendelezaji wa Finale ulipositishwa mwaka 2024, kwani waliohifadhi kazi zao humo wanalazimika kuzihamishia kwingine.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, pamoja na idara za Kiswahili, wasitoe orodha ya istilahi za muziki isiyotaja mahali pa kila istilahi. Polepole iachiwe mwendo. Sauti ipewe kwa sauti ya chini, hata kama ni ndefu, na kifupisho chake kikubaliwe mapema.