Kinga si kosa

Mwezi wa nne nilimpelekea mwalimu wangu mpango wa safari wa kurasa tatu. Niliuandika kwa Kiswahili, kwani nasoma lugha za Kiafrika na sikuona kwa nini niuandike kwa Kifaransa. Ulisema hivi: wanafunzi watatu, wawili wanaume na mmoja mwanamke, watatoka Panda hapa Likasi wakati wa kipwa, watapita Kapolowe, watafuata ukingo wa ziwa Tshangalele mpaka Mwadingusha, halafu watarudi. Siku nane. Kazi yao itakuwa kukusanya maneno ya njia, ya mizigo na ya uvuvi, katika Kiswahili cha huku na katika Kisanga. Chombo cha safari: kinga.

Mpango ulirudi na wino mwekundu mahali pawili. Neno "kinga" lilikuwa limekatwa, na juu yake limeandikwa "baiskeli". Mwishoni kulikuwa na swali: "Kwa nini msikodi gari?" Simlaumu mwalimu. Amenifundisha mengi, na swali lake ni la mtu anayejali uhai wetu. Lakini tangu siku ile nimeyafikiria masahihisho hayo mawili, na naona yanatoka mahali pamoja. Tunadhani barabara inajulikana vizuri zaidi na mtu aliye mbali nayo, na lugha vilevile. Hapo ndipo ninapopinga.

Niseme kwanza nilivyoanza kupanga. Nilitafuta mwongozo wa mwendesha kinga katika Haut-Katanga, sikuupata. Nikajifunza kwa watu wa Ulaya ambao, majira yao ya baridi yakifika, hupakia kinga zao na kwenda kusini mwa Hispania na Ureno. Wao wana njia zilizopewa namba. Moja huteremka katika pwani ya Ureno, nyingine huanzia Cádiz na kuifuata bahari ya Mediteranea kuelekea mashariki. Wana hata njia za kinga zilizotengenezwa juu ya tuta la reli, kama ile ya kilomita 36 kati ya Olvera na Puerto Serrano, ambako reli ilianza kujengwa na treni haikupita hata siku moja.

Nilivutiwa zaidi na maswali yao. Mvua hunyesha lini? Jua huzama saa ngapi? Mlima uko wapi, na usiku mtu atalala wapi? Nikachukua maswali hayo na kuacha majibu, kwa sababu majibu yao hayafai huku. Andalusia, mvua na baridi huja pamoja, kwa hiyo msafiri wa mwezi wa kumi na mbili hubeba koti la mvua. Kwetu baridi huja bila mvua. Mvua hukoma mwezi wa nne au wa tano, na mwezi wa sita na wa saba usiku wa Likasi, uliopo karibu mita 1,300 juu ya bahari, humfanya mtu atafute blanketi la pili, huku mchana ukiwa mkavu. Sevilla mwezi wa kumi na mbili mchana ni saa tisa na nusu hivi. Sisi mwezi wa sita tuna saa zaidi ya kumi na moja. Wao huogopa tope, sisi vumbi. Tena wakati wa kipwa upepo hutoka kusini-mashariki, na Kapolowe iko upande huohuo: kwenda utaupokea kifuani, kurudi utakusukuma mgongoni.

Nikiitazama ramani ya nchi hizo mbili, niligundua jambo jingine linalomhusu mwanafunzi wa isimu. Jimbo la kusini kabisa la Ureno linaitwa Algarve, kutoka Kiarabu *al-gharb*, na mzizi wake ndio uliotupa sisi neno "magharibi". Mlima wa Gibraltar ulikuwa jabali la Tariq, na "jabali" tunalo. Jumba la wafalme huko Sevilla ni Alcázar, nasi tunasema "kasri". Neno la Kihispania *hasta* na neno letu "hata" ni ndugu wa mama mmoja. Hakuna mwalimu wa Lisbon anayelikata neno Algarve kwa wino mwekundu kwa sababu limetoka nje. Na sisi tulikopa kwa Wareno. Parafujo inayoshika gurudumu la kinga yangu ni *parafuso* yao. Kamusi ya Kiswahili sanifu inalikubali neno hilo bila kuona haya.

Sasa turudi kwenye kinga. Anayelikata neno hilo na kuandika "baiskeli" ameondoa nini na kuweka nini? Ameweka neno la Kiingereza. Ameondoa neno ambalo Wabemba hulisema *incinga* na Wanyanja *njinga*, neno linalotembea kwa majirani zetu upande huu na ule wa mpaka wa Zambia. Sisemi kwamba "baiskeli" ni baya. Ni neno zuri la Kiswahili, lililofika pwani kwa njia yake kama lile letu lilivyofika Katanga kwa njia yake. Nasema tu kwamba moja kati ya hayo mawili haliwezi kuitwa kosa kwa sababu halikupitia Mombasa.

Hata hivyo, hoja ya asili ya neno isingetosha kunifanya niandike makala haya. Kilichonisukuma ni jambo lililonipata karibu na njia ya reli, nikiwa na dodoso langu mkononi. Baba mmoja, muuzaji wa makala, alikuwa ameiegemeza kinga yake kwenye mti akiziba mpira uliotoboka. Magunia matatu yalikuwa yamefungwa nyuma kwa vipande vya mipira mikuukuu. Nilimsomea swali la kwanza kama lilivyoandikwa: "Je, unatumia baiskeli yako mara ngapi kwa juma?" Akanitazama, akamtazama mwenzake, akajibu: "Mara mbili." Swali la pili, neno moja. La tatu, kichwa tu. Nafikiri aliniona mtu wa shirika fulani aliyekuja kuhesabu watu.

Nikalifunga daftari. Nikasema: "Papa, na kinga tunaweza kufika Kapolowe?"

Akaweka chini vifaa vyake. Alizungumza karibu saa nzima. Alinieleza wapi mchanga ni mwingi hata gurudumu linazama, na kwa nini lazima kutoka kabla ya jua, upepo ukiwa bado umelala. Alinionyesha jinsi ya kufunga mzigo ili uzito usivute nyuma. Safari hakuihesabu kwa kilomita. Aliihesabu kwa mahali pa kusukuma: toka hapa mpaka pale unasukuma mara moja, toka pale mpaka kule mara tatu. Nilipomuuliza juu ya barabara kubwa ya Lubumbashi, alicheka kidogo, akasema: "Mutoto yangu, ile barabara iko ya makamio. Kinga iko na kanjia yake."

Sentensi hiyo niliiandika papo hapo, na ningependa wenzangu wa kitivo waitazame. "Kanjia" si "njia" iliyoharibika. Ni njia ndogo, iliyopewa kiambishi ka- cha udogo ambacho Kisanga na Kibemba pia wanacho, na wingi wake ni "tunjia". Kiswahili sanifu kingesema "kijia" na "vijia". Mfumo upo kamili, umechukua tu kiambishi kingine. Ramani ya simu yangu inaonyesha barabara kubwa kama mstari mnene, halafu weupe mtupu mpaka ziwani. Mzee yule anazijua tunjia zilizo ndani ya weupe ule, na anazijua kwa lugha ambayo sisi tunaisahihisha.

Najua jibu la walimu wetu, na ni jibu zito. Kiswahili sanifu kinatuwezesha kusomwa Nairobi, Zanzibar na Dodoma. Anayeandika "kinga" bila maelezo atamchanganya msomaji wa pwani, kwa kuwa kwake kinga ni kitu kinachozuia hatari. Nakubali. Ndiyo maana makala haya nayaandika kwa sanifu, nikijua kwamba mzee wa makala angeyasoma kwa shida kidogo. Lakini kuna tofauti kati ya lugha ya kuandikia ripoti na lugha ya kuulizia njia. Ripoti iwe sanifu, na neno "kinga" lielezwe ndani yake mara moja. Dodoso liwe katika lugha ya anayeulizwa. Tukilazimisha ya kwanza iwe ya pili, tutarudi na "mara mbili" na kichwa kilichotikiswa, halafu tutaandika kwamba wasemaji wa Katanga wana msamiati haba. Watafiti waliotoka mbali, kama Polomé, Schicho na Fabian, walikichukua Kiswahili cha Katanga kuwa kitu cha kuchunguzwa, na vitabu vyao tunavisoma darasani. Itakuwa ajabu sisi tuliozaliwa ndani yake tukihitaji ruhusa ya kukisikiliza.

Limebaki swali la gari, na hapa sitaki kufanya mzaha. Barabara ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi inabeba madini na asidi ya viwanda. Mwezi wa pili mwaka 2019, upande wa Tenke, lori la asidi liligongana na basi, na watu wapatao ishirini walipoteza maisha. Mama yangu, nilipomweleza safari yetu, alitaja ajali hiyo kabla sijamaliza sentensi. Basi naomba tuliangalie jambo lenyewe: waliokufa ndani ya basi walikuwa kwenye gari, katika barabara kubwa. Gari tutakalokodi litapita barabara hiyohiyo, kwa kuwa gari haliingii katika kanjia. Kinga inaingia. Watu wa pwani husema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mara moja maana yao na yetu zinakutana.

Tena gari lina hasara nyingine kwa kazi yetu. Litatufikisha Kapolowe kabla ya saa sita, na vyote vilivyo katikati vitakuwa vumbi dirishani. Hata Mto Panda, unaopita kwetu na kupeleka maji yake katika Lufira, tutauona darajani tu. Ziwa lenyewe lilizaliwa na bwawa la umeme la Mwadingusha, lililozinduliwa mwaka 1930, na wavuvi wake huleta samaki mpaka masoko ya Likasi. Maneno ya samaki hao husafiri pamoja nao juu ya kinga. Anayetaka kuyafuata inafaa atumie chombo hichohicho.

Sitaki pia kumfanya mzee wa makala kuwa mwenzangu wa matembezi. Mimi napanga safari ya siku nane, nikiwa na barua ya chuo yenye muhuri na padri wa kutupokea usiku. Yeye husukuma magunia kwa sababu watoto wanataka kula, na miti anayoichoma inazidi kuwa mbali kila mwaka. Akiwa na pesa za kukodi gari, atakodi. Ujuzi wake umelipiwa kwa magoti na mgongo. Sababu hiyo peke yake inatosha tusimwandikie neno lake kwa wino mwekundu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za kitivo. Kwanza, dodoso lolote litakaloulizwa Katanga lisomwe kwanza na msemaji mmoja wa mtaani, kabla ya mwalimu kutia sahihi. Pili, kila kazi ya mwisho wa masomo iambatishwe orodha ya maneno kama yalivyosemwa, pamoja na maana yake kwa sanifu, ili msomaji wa Zanzibar asipotee na mzee wa Panda asifutwe. Tatu, safari za utafiti zipangwe wakati wa kipwa, na mwanafunzi anayeweza kwenda kwa kinga aruhusiwe, mradi aonyeshe kwamba amewauliza wanaoipita njia hiyo.

Mpango wangu nimeuandika upya na kuurudisha. Nimeongeza ukurasa wa nne: tunjia alizonielekeza mzee, mahali pa maji, mahali pa kusukuma, saa za kutoka. Mwalimu alisema atanijibu kabla ya likizo kubwa. Katika mstari wa chombo cha safari nimeandika tena "kinga", na chini ya ukurasa nimeeleza kwamba ni baiskeli. Mipira miwili ya akiba nimekwisha kuinunua.