Kumi na Mbili ya Soko na Kumi na Mbili ya Kitabu

Tangu mwaka 2024 mazungumzo ya umeme wa nyuklia huku kwetu Pwani yamekuwa ni mazungumzo ya mahali. Je, mtambo uwe Uyombo au usiwe Uyombo? Wakazi wa kijiji hicho cha Kilifi walitoka barabarani kuutetea msitu wa Arabuko-Sokoke, hori ya Mida na bahari wanayoivua, na mwaka 2025 serikali ikageuza uso kuelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Mjadala huo una wenyewe, na una hoja zake nzito. Sikusudii kuuingilia leo. Ninalotaka kulileta ni swali lililosahauliwa pembeni, nalo halibadiliki hata mtambo ukihamishwa kutoka baharini hadi ziwani: siku ya ujenzi ikifika, viwanda na karakana zetu zitauza nini pale, zaidi ya chai na maandazi?

Safari yenyewe si changa. Kamati ya kwanza ya kitaifa iliundwa mwaka 2010, ikawa bodi mwaka 2012, na Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ikazaa NuPEA, shirika linalobeba jukumu la mpango huu hadi leo. Kusudio lililotangazwa ni mtambo wa kwanza wa takriban megawati 1,000 katikati ya muongo ujao. Ili tupate picha ya ukubwa wake, mwaka 2025 matumizi ya juu kabisa ya umeme ya Kenya nzima yalikuwa yamevuka megawati 2,300. Mtambo mmoja, basi, ungebeba zaidi ya theluthi ya mzigo huo.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, limeziwekea nchi zinazoanza mambo 19 ya kutayarisha. Mna sheria, fedha, wataalamu, taka, ulinzi, hali za dharura, na mna jambo moja ambalo aghalabu husomwa haraka kwa kuwa halitishi mtu: ushiriki wa viwanda vya nchi. Wataalamu wa shirika hilo walikuja kutukagua mwaka 2015, wakarudi tena mwaka 2021. Magazeti yaliandika habari za taka na za fedha. Habari za viwanda hazikuuza magazeti.

Tuanze kwa kuondoa ndoto. Lile pipa la chuma nene ambamo mafuta ya urani hukaa, na maji kupashwa joto chini ya shinikizo kubwa, lina uzito wa mamia ya tani, na viwanda vinavyoweza kulifua duniani ni vichache mno. Atakayewaahidi wananchi kwamba litatoka Changamwe au Athi River anawapotezea wakati. Lakini pembeni mwa pipa hilo mna nyaya za umeme zisizohesabika kwa urefu, mabomba na vishikio vyake, nondo, saruji, rangi, milango, transfoma, uzio, barabara, gati ya kupokelea mizigo mizito, nyumba za maelfu ya wafanyakazi na chakula chao cha kila siku. Huko ndiko fedha zinazoweza kubaki nchini ziliko.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulikuwa hauna hata kinu kimoja ulipotia saini na Wakorea, Desemba 2009, kujengewa vinu vinne pale Barakah. Ujenzi ulianza mwaka 2012, kinu cha kwanza kikaunganishwa na gridi Agosti 2020, cha nne kikaanza kazi ya kibiashara Septemba 2024, na leo vinatoa takriban robo ya umeme wa nchi hiyo. Vitu vikubwa vilitoka Korea kwa meli. Hata hivyo kiwanda cha chuma cha Abu Dhabi, Emirates Steel, kilipigania ithibati ya kutengeneza nondo za daraja la nyuklia kikaipata, na kampuni ya taifa ya nyuklia ilitangaza kwamba zaidi ya kampuni 1,400 za nchini zilipewa kazi. Misri nayo, katika mtambo wa El-Dabaa inaojengewa na Warusi, imeandika kiwango: angalau asilimia 20 ya kazi za kinu cha kwanza zifanywe na Wamisri, na kiwango kipande hadi asilimia 35 kwa kinu cha nne. Mtazame aliyeiandika hesabu hiyo jinsi alivyokuwa na subira. Alijua kwamba kiwanda hakizaliwi na mkataba, bali hukua kutoka kinu hadi kinu.

Sasa tufike penyewe. Tofauti ya nondo ya nyuklia na nondo ya ghorofa ya Kisauni haiko sana katika chuma. Iko katika habari za chuma. Kila fungu la nondo hufika na karatasi inayoeleza liliyeyushwa lini na katika mkupuo gani, lina nini ndani yake, lilivutwa kwa nguvu kiasi gani katika maabara hata likakatika, ni nani aliyepima, na chombo alichopimia kilihakikiwa lini mara ya mwisho. Kiungo cha bomba kilichochomelewa huwa na nambari yake, jina la fundi, cheti cha fundi kilichokuwa hai siku ile, na picha ya eksirei inayoonyesha moyo wa kiungo. Karatasi hizo hutunzwa muda wote mtambo unapofanya kazi, nao hujengwa kudumu miaka 60. Ikipotea karatasi, bomba huweza kukataliwa hata kama ni zima. Kwa fundi wetu aliyezoea kusema “mimi kazi yangu inajulikana”, habari hii ni nzito kuliko pipa la mamia ya tani.

Soko letu nalijua kidogo kutokana na kazi ya ukatibu. Kamati ya msikiti wetu ilipojenga madarasa mawili ya madrasa, tuliagiza nondo za milimita 12. Fundi wetu, mzee asiyeamini macho peke yake, alitoa chombo chake cha kupimia unene, na kila nondo aliyoishika ikatoka na milimita 10 na ushei. Muuzaji, ambaye sitamtaja, hakukana wala hakukasirika. Alisema, “Katibu, hiyo ndiyo kumi na mbili ya soko. Ukitaka kumi na mbili ya kitabu, bei yake ni nyingine.” Tulizirudisha, tukalipa bei nyingine, na jengo likachelewa wiki tatu. Lililonishangaza si wizi, kwani hakuona kwamba anaiba. Kwake yeye vipimo ni viwili na vyote ni halali, mradi mnunuzi ajue cha kuuliza.

Mtu asidhani kwamba maradhi haya ni ya maskini tu. Korea ya Kusini iliwasha kinu chake cha kwanza cha biashara, Kori, mwaka 1978, kikiwa kimejengwa na Wamarekani kuanzia msingi hadi ufunguo. Wakorea walikaa karibu wakijifunza, mwaka 1987 wakanunua ujuzi wenyewe pamoja na vinu, na baada ya miaka 22 wakawa ndio wanaowajengea Waarabu. Ni mfano ambao kila waziri wa Afrika huutaja. Kisichotajwa ni yaliyofuata. Mwishoni mwa mwaka 2012 iligunduliwa kwamba maelfu ya vipuri viliingizwa katika vinu vyao kwa vyeti vya kughushi. Mwaka 2013 ikaonekana kwamba hata nyaya za mifumo ya usalama zilishindwa katika majaribio, na matokeo yakaandikwa upya ili zipite. Vinu vikazimwa, nchi ikapita kiangazi cha joto kali ikiombana kuzima viyoyozi, na watu wapatao 100 wakashitakiwa. Nyaya zile hazikutoka ng’ambo. Zilitengenezwa nchini humo humo, katika ule ule ushiriki wa viwanda vya nchi unaosifiwa, na maabara iliyozipitisha ilikuwa ya nchini pia.

Ufaransa, yenye vinu zaidi ya 50, ilianza kujenga kinu cha Flamanville Desemba 2007 kwa makadirio ya yuro bilioni 3.3. Ilikuwa imekaa miaka mingi bila ya kujenga kipya, na wachomeleaji wake wakongwe walikwisha kustaafu. Viungo vya mabomba makubwa ya mvuke vikakutwa na kasoro, vingine mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki kwa urahisi, ikabidi virudiwe. Kinu kiliunganishwa na gridi Desemba 2024. Gharama ilikuwa imepita yuro bilioni 13. Fundi wa kuchomelea, ambaye huku kwetu mzazi humtaja kwa sauti ya chini anapoulizwa mwanawe anafanya kazi gani, alitosha kuichelewesha dola.

Je, sisi tuna nini mkononi? Tuna zaidi ya tunavyojisifu, na kidogo kuliko tunavyotangaza. Olkaria ilianza kutoa umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981 kwa megawati 15, huku wataalamu wa kigeni wakishika usukani. Miaka 40 baadaye Wakenya wa KenGen walikuwa wakienda Ethiopia na Djibouti kuchimba visima vya wengine kwa malipo. Hiyo ni kazi ya mabomba, mvuke, shinikizo na vipimo, na ndiyo jamaa wa karibu zaidi wa nyuklia tuliye naye. Kisumu kuna karakana ya meli iliyoanza upya, inayounganisha mabamba mazito ya chuma. Mombasa kuna mafundi waliozoea kazi ya meli ambayo wakaguzi wa bima huikagua bila ya huruma. Na saruji tumeitengeneza Bamburi tangu miaka ya 1950.

Upande wa pili tunao mfano wa reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa Mei 2017. Tuliambiwa asilimia 40 ya bidhaa na huduma zitoke nchini. Saruji ilitoka hapa, kokoto na mchanga pia, lakini reli zenyewe na vichwa vya treni vilitoka Uchina. Silaumu, kwani kwa wakati ule hatukuwa na cha kutoa zaidi. Ila asilimia ikishaandikwa na hakuna karakana iliyotayarishwa miaka kumi kabla, hujazwa kwa vitu vizito visivyo na ujuzi, na kwa zile kampuni za mkobani ambazo zina anwani na muhuri lakini hazina hata nyundo.

Miaka michache ndiyo tuliyo nayo, kama ratiba itashika. Fundi hufunzwa katika muda huo, na maabara hupata ithibati katika muda huo. Hapa Mombasa hatuanzi na ardhi tupu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilizaliwa kama chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki, wazee wakikiita MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Wachangiaji wale wa miaka ya 1940 walikuwa na nafasi ya kujenga jambo jingine la kuonekana. Wakachagua karakana, na kwa miaka mingi vijana walitoka humo wakaenda kuendesha injini za meli na mitambo ya bandari.

Kinachohitajika leo ni kidogo na cha kuchosha: wachomeleaji wanaofanya mtihani wa kimataifa na kuurudia kila cheti kinapokwisha, maabara ya Pwani inayovuta nondo na kuponda zege na kuthubutu kuandika “imeshindwa” hata kama mwenye mali ni mkubwa, wenye karakana wanaotunza daftari la kazi zao. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosubiri nyuklia. Vikiwapo na mtambo usijengwe kamwe, bandari itavitumia, hospitali itavitumia, na madarasa ya watoto wetu yatasimama juu ya kumi na mbili ya kitabu. Hii ndiyo sababu naliona suala hili kuwa la familia na si la mawaziri peke yao. Kijana wa miaka 15 mwenye mkono mtulivu, akianza mwakani, atakuwa fundi kamili wakati ambapo mtambo unatarajiwa kuanza kazi, na atakuwa na cheti ambacho Siaya, Doha na Abu Dhabi wanakisoma kwa namna moja.

Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi hutangazwa magazetini, na kwa kawaida hufanyika asubuhi ya siku ya kazi, wakati mafundi wako kazini. Nawaomba wenye karakana wa Changamwe, Jomvu na Kilifi wapeleke mtu mmoja hata kama kikao kiko mbali, na aende na swali lililoandikwa. Asiulize ni asilimia ngapi tutapewa. Aulize ni karakana ngapi za Kenya zimekwisha kukaguliwa hadi leo, zipi zilishindwa, zilishindwa kwa lipi, na ni nani aliyerudi kuzisaidia.