Hasira Si Damu ya Mara

Kaa kijiweni Nyakato nusu saa tu, utausikia utetezi wenyewe: sisi watu wa Mara ndivyo tulivyo, ukitugusa tunawaka. Bodaboda akitukanwa na abiria kisa mia tano ya nauli, akashuka na kumkunja, wenzake humshangilia. Anayenyamaza huitwa mwoga, tena mzito.

Damu gani hii inayochagua wa kumchemkia? Bodaboda huyohuyo akisimamishwa na trafiki na kufokewa mbele za watu, husema "samahani, afande" huku akitafuta leseni taratibu.

Na huo uzito nao ni uzushi. Mwaka 2007 watafiti Ortner, Kilner na Zelazo walichapisha majaribio waliyoyafanya Kanada. Mtu anaonyeshwa picha mbaya, kisha inalia sauti, naye anatakiwa kubonyeza kitufe haraka kuonyesha kama ni nyembamba au nene. Picha mbaya humchelewesha mtu: sauti imeshalia, akili bado iko kwenye picha. Waliofundishwa kwa wiki 7 kufuatilia pumzi zao na kuyatazama mawazo yanavyokuja bila kuyarukia, walipunguza ucheleweshaji huo. Kweli, picha ni picha, hakuna aliyetukaniwa mama yake pale. Lakini aliyetulia ndiye aliyewahi kurudi kazini. Mwenye hasira ana mkono mwepesi tu. Mtazame akiondoka na abiria mwingine baada ya ugomvi, anakata kona bila indiketa, midomo bado inajibu matusi.

Wanaodhani haya ni maneno ya kijiweni tu wasome Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 201 kinamwondolea aliyeua kosa la mauaji ya kukusudia, likawa la kuua bila kukusudia, ikiwa alichokozwa ghafla na kutenda kabla hasira haijapata muda wa kupoa. Kifungu cha 202 kinauliza uchokozi huo ungemfanya nini mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa. Jamii hiyo ni sisi. Kila tunapokariri kwamba mtu wa kawaida wa huku hawezi kulivumilia tusi, tunamwandikia wakili wa muuaji hoja zake, tena bure.