Acheni Tupige Picha Matagi

Twende moja kwa moja. Mtu anayevuka Likoni akainua simu kupiga picha meli inayopita hajamkosea mtu. Meli ina makasha yaliyopangana kama magorofa, inapita karibu hadi unasoma jina lake ubavuni, nyuma yake tagi limefungwa kamba, na feri zimesimama zikisubiri kama watoto wa nasari kando ya barabara. Nani asiyetaka picha ya kitu kama hicho? Halafu unaambiwa: shusha simu. Kwa nini? Usalama.

Haya, tuongee usalama. Shuka upande wa kisiwani, tembea mpaka Mama Ngina, keti chini ya mbuyu, nunua mihogo yako, na upige picha meli ileile, tagi lilelile, mlango uleule wa bahari, mpaka betri iishe. Bustani ile ilikarabatiwa mwaka 2019 ili watu waje watazame bahari. Aliye Ujerumani hata nauli hahitaji: zipo programu za simu zinazomwonyesha jina la meli, mwendo wake na bandari inakoelekea. Sasa siri tunayoilinda kwa kumfokea mama wa Ukunda mwenye simu ya kioo kilichopasuka ni ipi? Kambi ya jeshi la majini pale Mtongwe, hiyo naelewa, iacheni. Lakini feri ya umma si kambi.

Na tunachokatazwa kukitazama ni kazi, tena kazi nzuri kupita karibu kila kinachofanyika pwani hii. Meli kubwa ikipunguza mwendo, usukani wake unalegea, maana usukani hushika kwa nguvu ya maji yanayoupita. Na hapa huwezi kuja mbio: mlango ni mwembamba, una kona, na feri zinakatiza katikati. Ndiyo maana rubani wa bandari hupanda melini, na matagi huja. Wengi hudhani tagi la nyuma linasukuma. Wapi! Lile lililofungwa tezi mara nyingi linavuta kinyume, ndilo breki ya meli na ndilo usukani wake wa pili. Panga zake zinaweza kugeuka upande wowote, kwa hiyo utaliona linakwenda ubavu ubavu kama kaa. Kamba ikikaza, maji yanachuruzika kutoka kwenye nyuzi zake. Hiyo ndiyo picha. Mwanga wa saa kumi na moja jioni, jua likitokea upande wa bandari, hauhitaji hata kamera ya maana.

Kutazama kuna faida nyingine isiyo ya urembo. Machi 26, 2024, meli iitwayo Dali, urefu wa karibu mita 300, ilizimikiwa umeme ikaenda kugonga daraja la Baltimore, Marekani, na mafundi 6 waliokuwa wakikarabati barabara juu yake wakafa. Matagi yaliyoisaidia kutoka gatini yalikuwa yameshaiachia, kama ilivyokuwa kawaida pale. Ulimwengu mzima uliona taa zikizimika, zikiwaka, zikizimika tena, kwa sababu kamera ilikuwa inatazama. Na sisi? Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya Harambee na mama na bintiye ndani, video ya mtu wa kawaida ndiyo iliyotufikia kwenye simu. Gari liliopolewa Oktoba 11. Fikiria zile siku zote za katikati bila ile video; fikiria tungeambiwa nini. Mtongwe, Aprili 29, 1994, walipokufa watu 272, hakuna aliyekuwa na simu mfukoni.

Lakini lawama zote nisiwatupie wenye filimbi. Kuna na sisi, wasee wa kamera wa Kwale. Kurasa zetu zote Diani: ngamia ufukweni, madafu, tumbili juu ya paa la hoteli, mtu na parashuti lake mawimbini. Ni sawa, kuna kodi ya nyumba. Ila tangu 2014 mchanga wa Kwale, wenye ilmenite, rutile na zircon, ulikuwa ukisombwa kwa malori hadi gati la Likoni, unamiminwa melini, na meli zinatoka kwa mlango huohuo na kwenda zake. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024. Miaka kumi! Nionyesheni picha kumi za zile meli zilizopigwa na mtoto wa Msambweni. Picha za kampuni hazihesabiki. Ardhi ya babu zetu imeondoka kwa maji, na siku hiyo sisi tulikuwa tunapiga picha ngamia.

Eti kutazama meli ni hobi ya wazungu wastaafu. Ni kweli wanayo, na hawaionei haya. Pale Wedel, kwenye mto Elbe chini ya Hamburg, tangu 1952 meli zinazopita husalimiwa kwa kupigiwa wimbo wa taifa wa bendera zao, watu wakiwa mezani na keki. Panama unalipa kiingilio kutazama meli zikipita Miraflores. Sisi tunapita katikati ya onyesho hilo kila siku, bure kwa anayekwenda kwa miguu, tukiwa tumeinamisha vichwa.

Ombi langu si kubwa. Dereva asipige picha, asiyeshika mtoto wake mkono asipige picha, na anayeegemea lango la feri arudishwe nyuma kwa filimbi kali kabisa. Wengine tuacheni. Kibao kipya kiandikwe: kambi hapana, meli ruksa. Rangi ya kopo dogo inatosha, na mafundi wa vibao wako hapohapo Likoni, ng'ambo ya stendi, wanaandika majina ya matatu kutwa nzima.