Kilomita pekee hazipimi mzigo wa mwanariadha

Mkimbiaji anayefanya mazoezi katika ufuo wa Shelly Beach, Likoni, hana budi kuifuata bahari. Maji yakipwa, mchanga uliolowa hushikamana na mguu hupata pa kukanyaga. Yakijaa, hulazimika kupanda kwenye mchanga mkavu unaodidimia kila hatua. Saa yake ya mkononi itaandika kilomita 10 siku zote mbili, ilhali misuli yake imefanya kazi mbili tofauti kabisa.

Utafiti uliochapishwa na wanasayansi wa Ubelgiji mwaka 1998 ulibainisha kuwa kukimbia mchangani hula nishati takriban mara 1.6 ya ile inayotumika kwenye ardhi ngumu. Kwa hesabu hiyo, kilomita 10 za mchanga humgharimu mwanariadha nguvu za kilomita 16 za barabara. Mwaka 2005, watafiti wa Australia nao walionyesha kwamba misuli ya mapaja, ya mbele na ya nyuma, hujikaza zaidi kwenye mchanga mkavu.

Watafiti hao wa Australia walipima umeme wa misuli. Msuli unapojikaza hutoa umeme hafifu, ambao elektrodi zilizobandikwa juu ya ngozi huweza kuunasa. Zamani kazi hiyo ilihitaji maabara na nyaya tele. Siku hizi elektrodi hushonewa ndani ya kaptura na matokeo kusomwa kwenye simu. Kocha anaweza kuona, kwa mfano, iwapo paja la kulia linabeba mzigo kuliko la kushoto, kabla maumivu hayajajitokeza.

Haja ya kipimo bora kuliko kilomita ni dhahiri nchini Kenya. Marehemu Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 jijini Chicago mwaka 2023, alikuwa akikimbia zaidi ya kilomita 250 kwa wiki. Kocha wake, Gervais Hakizimana, alieleza hadharani hofu yake kuwa mwili wa kijana huyo usingestahimili mwendo huo kwa miaka mingi. Wote wawili walifariki katika ajali ya barabarani Februari 2024, na hofu hiyo haikupata kuthibitishwa wala kukanushwa.

Hata hivyo, vihisi vya misuli si dawa ya kila kitu. Jasho jingi, ambalo halikosekani Pwani, huweza kulegeza elektrodi na kuvuruga matokeo. Isitoshe, msuli si mwili mzima. Mnamo Machi 24, 2007, Mombasa ilipoandaa Mbio za Nyika za Dunia, wanaume walikimbia kilomita 12 katika joto kali na unyevunyevu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa tangu mwaka 2002, alijitoa mbio zikielekea ukingoni, naye Zersenay Tadese wa Eritrea akanyakua taji. Umbali haukuwa mgeni kwa Bekele. Joto ndilo lililoongeza mzigo, na mzigo wa aina hiyo huulemea moyo na damu pamoja na misuli.

Kwa wakimbiaji wa Likoni wasioweza kumudu kaptura hizo, ipo njia isiyogharimu chochote. Mwanariadha huulizwa, takriban nusu saa baada ya mazoezi, yalikuwa magumu kiasi gani kati ya 0 na 10. Jibu huzidishwa kwa dakika alizokimbia. Dakika 60 kwenye mchanga ulioshikamana, akisema 4, ni 240. Dakika 60 kwenye mchanga mkavu, akisema 7, ni 420.

Njia hiyo hutegemea ukweli wa mwanariadha, na hapo ndipo penye ugumu. Kijana anayetafuta nafasi kambini huogopa kutaja 8 mbele ya kocha, asije akaonekana mnyonge. Madhali riziki yake imo miguuni, kocha anayemhakikishia kuwa hataadhibiwa kwa kusema amechoka atakuwa amemkinga na majeraha kabla hata ya kununua kifaa chochote.