Uhakiki Usio na Masikio: Nyimbo za Metal Gear Solid na Ufinyu wa Dhana Yetu ya Fasihi

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliwahi kuleta mbele ya jopo la idara pendekezo la tasnifu kuhusu nafasi ya wimbo katika Metal Gear Solid, mfululizo wa michezo ya video uliobuniwa Japani na Hideo Kojima katika kampuni ya Konami. Kabla hajamaliza ukurasa wa pili, mmoja wetu alimwuliza kama hiyo ni fasihi au ni mchezo wa watoto. Jopo likacheka. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliocheka. Pendekezo lilirejeshwa, na mwanafunzi akashauriwa achague diwani inayotambulika. Alitii, akahesabu mizani na vina, akahitimu. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba aliyeshindwa mtihani siku ile ni jopo.

Hoja za kumkataa zilikuwa tatu, na zote zingali zinasikika katika vyumba vyetu vya semina. Ya kwanza ni kwamba mchezo wa video ni burudani tu. Ya pili ni kwamba muziki wake ni pambo, na mwenye kulichunguza pambo hilo ni mwanamuziki. Ya tatu ni kwamba kazi yenyewe ni ya kigeni na haituhusu. Tuanze na ya pili kwa kuwa ndiyo inayobeba uzito wote wa mjadala huu.

Katika michezo hii mtu mmoja hutumwa kupenya ngome ya adui bila kuonekana. Mchezaji hunyatia, hujibanza ukutani, husubiri mlinzi ageuke. Tangu mchezo wa kwanza, uliotoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za MSX2, muziki umekuwa sehemu ya tendo lenyewe. Mchezaji akionekana, muziki hugeuka papo hapo na kuwa wa hatari. Katika michezo iliyofuata, akifaulu kujificha, muziki hushuka hatua kwa hatua, nao walinzi wakirudi kwenye lindo zao, utulivu hurejea. Kwa hiyo mchezaji husikia kosa lake mwenyewe. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaijua hali hii vyema, kwani tumewafundisha kwamba fanani hubadili sauti na kasi kwa kadiri hadhira inavyomjibu, na kwamba wimbo hauwezi kutengwa na tukio lake. Hapa hadhira haimwitikii fanani tu. Imepewa sehemu ya kazi yake. Ni ajabu kwamba sisi tuliofundisha nadharia hiyo kwa miaka mingi hatukuitambua ilipotutokea ikiwa imevaa nguo nyingine.

Tuutazame mfano mmoja kwa makini. Metal Gear Solid 3: Snake Eater ulitoka mwaka 2004 na kutengenezwa upya mwaka 2025. Hadithi yake inatukia mwaka 1964 katika Muungano wa Kisovieti. Jasusi wa Kimarekani anatumwa kumwua The Boss, mwanamke aliyemlea kivita na anayedaiwa kuisaliti nchi yake. Wimbo mkuu ulitungwa na Norihiko Hibino na kuimbwa na Cynthia Harrell. Mara ya kwanza tunausikia mwanzoni, kwa kishindo cha tarumbeta, ukiiga waziwazi nyimbo za filamu za James Bond. Maneno yake yana chumvi nyingi, na mahali pengine yanakaribia kichekesho. Mhakiki wa maneno matupu angeishia hapo, akatoa hukumu kwamba ni wimbo wa mbwembwe, akafunga daftari.

Lakini wimbo haujakwisha. Katikati ya hadithi, baada ya pambano refu na mlenga shabaha mkongwe msituni, mchezaji anafika chini ya ngazi ya chuma na kuanza kuipanda. Ngazi hiyo ni ndefu kupita kiasi. Kwa takriban dakika mbili hakuna adui, hakuna silaha, hakuna la kufanya ila kupanda. Hapo ndipo wimbo ule ule unaporudi, safari hii sauti tupu ya mwimbaji bila ala. Tarumbeta zimeondoka, na kejeli imeondoka nazo. Maneno hayakubadilika hata neno moja, ila mchezaji sasa anayasikia akiwa peke yake, na anajua kwamba kila kidato kinamsogeza kwa mlezi wake.

Mara ya tatu wimbo unasikika katika pambano la mwisho, ndani ya shamba la maua meupe. Mchezaji amepewa dakika 10 tu, na katika dakika za mwisho wimbo unaanza kuimbwa juu ya milio ya risasi. The Boss anaanguka. Kisha mchezo unasimama. Hausogei mpaka mchezaji mwenyewe abonyeze kitufe cha kufyatua risasi. Baadaye ndipo anapoelezwa kwamba usaliti wa mwanamke yule ulikuwa wa kuigiza, na kwamba alijitoa mhanga kwa amri ya serikali ile ile iliyomtangaza msaliti. Maneno ya wimbo, yaliyokuwa mbwembwe mwanzoni na upweke ngazini, sasa ni ombolezo, na anayeomboleza ndiye muuaji.

Ikiwa hiyo si takriri, basi tuliyoifundisha chini ya jina hilo ni nini? Tumezoea kuitaja kama mbinu ya kurudia neno kwa ajili ya mkazo, kisha tukatoa mfano wa kibwagizo na kupita. Kazi hii inaonyesha kwamba kibwagizo kinaweza kurudi bila kubadilika, na maana ikabadilika kwa sababu msikilizaji ametenda jambo katikati. Mwenye kuyasoma maneno ya wimbo katika karatasi ataona wimbo mmoja. Aliyepanda ngazi amesikia nyimbo tatu.

Wala dai hili si geni katika ushairi wetu. Katika mgogoro wa ushairi ulioshika kasi miaka ya 1970, wanajadi walishikilia kwamba shairi lisiloimbika limepungukiwa na uhai wa ushairi. Wanamabadiliko waliwapinga, na walikuwa na sababu. Hata hivyo, kambi zote mbili zilibishana kuhusu uimbikaji kwa kalamu na karatasi. Kuimbika kukawa hesabu ya mizani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri ziliihifadhi sauti. Lakini ni mara ngapi tumeichezesha sauti ya mwimbaji darasani kabla ya kuligawa shairi lake katika vipande? Tumerithi utamaduni wa kusikia tukaugeuza kuwa mazoezi ya kuhesabu.

Hoja ya ugeni nayo inajijibu. Mwishoni mwa Metal Gear Solid ya mwaka 1998, hadithi inayotukia kisiwani Alaska, wimbo unaosikika ni wa Rika Muranaka, umeimbwa na Aoife Ní Fhearraigh kwa Kigaeli cha Ayalandi. Katika mchezo wa 2008, wimbo wa mapenzi unaimbwa kwa Kiebrania. Wachezaji wengi hawakuelewa neno, na wengi hawajazisahau nyimbo hizo. Msomi wa Nairobi hana haki ya kustaajabu. Wazazi wetu walicheza na kulia kwa nyimbo za Kilingala ambazo maneno yake hawakuyajua, na hakuna aliyewaambia kwamba hawakusikia kitu.

Sisemi kwamba kazi hii isiabudiwe tu bali isihukumiwe. Kinyume chake, inastahili hukumu, na hukumu hiyo sisi ndio tulio na nyenzo za kuitoa. Metal Gear Solid V: The Phantom Pain wa mwaka 2015 unatuleta mpakani mwa Angola na Zaire mwaka 1984. Mada yake ni lugha: adui mkuu, aliyepokonywa lugha ya mama, anatumia vimelea vinavyoua watu kwa lugha wanayosema, na wasemaji wa Kikongo ni miongoni mwa wahanga. Swali la lugha na utawala, ambalo Ngũgĩ wa Thiong'o aliliweka wazi mwaka 1986, limo humo ndani. Lakini katika kaseti ambazo mchezaji huokota kambini na kusikiliza, nyimbo za wakati huo ni za Ulaya na Marekani. Mwaka 1984 Franco na TPOK Jazz walikuwa wakitikisa Kinshasa na eneo zima hili. Katika Zaire ya mchezo huu hawapo. Wala tusidanganywe kwamba ni uaminifu kwa historia, kwani kaseti mojawapo ina “The Final Countdown”, wimbo uliotoka mwaka 1986. Wimbo wa Uswidi uliruhusiwa kuwahi miaka miwili. Rumba iliyokuwapo haikuruhusiwa kufika. Mfululizo ulioipa heshima lugha ndogo ya Ayalandi unaomboleza kifo cha lugha za Kiafrika bila kuzipa sauti ya kuimba. Hoja hii nzito mwanafunzi yule angeweza kuijenga. Sisi tulimzuia, kisha tunalalamika kwamba Afrika husimuliwa na wengine.

Imebaki hoja ya burudani. Ni kweli, michezo hii ni bidhaa ya kibiashara, ina porojo ndefu na mizaha mingi isiyo na ladha. Taarabu pia ni burudani, na ngano zilisimuliwa jioni watu wakimenya mihogo. Tukiondoa katika mtaala kila kilichopata kumfurahisha mtu, tutabaki na orodha ya vina.

Ninachopendekeza ni kidogo. Pendekezo la aina hii likiletwa tena, jopo lisikilize kabla ya kuuliza. Iletwe sauti chumbani, tupande ngazi ile dakika mbili kwa kimya, kisha maswali yafuate, makali kadiri tunavyotaka. Kwa mwanafunzi yule ambaye sasa anafundisha shule ya upili na ambaye huenda akayasoma makala haya, mwandishi anakiri kwamba kicheko kile hakikuwa hoja.